Kapuchino Moja, Meza Siku Nzima

Nyie watu wa Dar, hebu tuambiane ukweli: ni lini mara ya mwisho mliingia mkahawa wa Masaki saa nne asubuhi mkapata meza? Mweh! Meza zote zimekaliwa, kila meza ina mtu mmoja, laptopu moja, na kikombe cha kapuchino kilichokauka povu tangu saa mbili. Waya wa chaja umevutwa mpaka ukutani, mhudumu anayepita na sinia anapigwa mtama, na mwenye waya hata kichwa hainui. Wengine wanakuja na ekstensheni kutoka nyumbani, jamani! Mtu anaitoa kwenye begi bila haya, anachomeka, jirani anaomba tundu moja, wa nyuma naye anaomba, na mara pale chini ya meza pameshafunguliwa tawi la TANESCO. Mama wa watu kaja na wanawe kula keki ya siku ya kuzaliwa, kasimama mlangoni anaangalia viti vitupu vitatu kwenye kila meza, na hana pa kukaa.

Na kikombe chenyewe, ukiuliza bei yake, kwa mama ntilie wa Mwananyamala ungekula wali maharage, ukaongezewa mchicha, na chenji ya nauli ikabaki. Kwa hiyo dogo anaona ameshalipa pango. Ananyonya tone moja kila baada ya nusu saa. Mhudumu akimjia kwa upole, "Nikuongezee kitu, kaka?" anajibu, "Bado nakunywa, dada." Unakunywa nini, mwanakwetu? Kikombe kinaonyesha kitako!

Hapa kijiweni tulilijadili jambo hili mpaka drafti ikasimama na kahawa ikapoa. Wazee wanataka kujua: kazi gani hii isiyo na ofisi, isiyo na kadi ya kugonga asubuhi, isiyo na bosi wa kumkimbia? Ni kazi kweli, shikamooni wazee wangu, na si kazi ya kitoto. Vijana wa mji huu wanaandika programu za kampuni za Berlin, wanajibu malalamiko ya wateja wa maduka ya Toronto, wanatafsiri, wanachora nembo, wanafunga hesabu za matajiri ambao hawajawahi kupeana nao mkono. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika hapa mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka uliofuata, njia ikafunguka. Korona ilipoingia mwaka 2020, waajiri wa ng'ambo wakagundua kuwa mtu anaweza kufanya kazi bila wao kumwona mgongo, na basi, mambo yakawa mambo. Mimi nawapigia makofi hawa vijana. Kinachoniuma ni mahali. Mji wa watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, halafu vijana wake wote wenye laptopu wanabanana kwenye mikahawa ileile ya rasi ya Msasani wakigombea tundu la umeme!

Utasema, si wakae nyumbani? Aka! Nyumbani wapi? Umewahi kuishi chumba na sebule Sinza, wapangaji sita, mita ya LUKU moja? Mwisho wa wiki kinaitishwa kikao cha uniti pale uani, mwenye friji anamtazama mwenye pasi, mwenye pasi anamtazama mwenye redio, halafu wote kwa pamoja wanamgeukia mwenye laptopu. "Huyu ndiye anayetumaliza, taa yake inawaka usiku kucha!" Sasa nani atawafanyia hesabu? Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa imeshakula nusu uniti. Laptopu ya wati 50 ikeshe kwa saa nane haijafika hapo. Lakini mwenye pasi ana sauti kubwa na watoto wanne, na kijana hana hata mke wa kumtetea, kwa hiyo anachangia sawasawa na mwenye friji na lawama anabeba peke yake.

Hapo hujagusa heshima. Uswahilini kwetu mtu anayefanya kazi anaonekana akitoka. Anaoga alfajiri, anapiga viatu rangi, anapanda daladala, anarudi jioni kachoka. Asiyetoka hana kazi, kesi imekwisha. "We si upo tu? Hebu nishikie mtoto nifike sokoni mara moja." Mara moja ya Dar mnaijua! Mama karudi adhuhuri na mkungu wa ndizi, na kijana kafanya kikao chote na Wajerumani huku kichanga kinamtafuna kola. Majirani nao wanasikitika: mtoto wa watu kasomeshwa mpaka chuo kikuu, sasa kutwa kajifungia ndani, jua halioni, bila shaka wamemroga. Kuna mmoja huko Kijitonyama alipomlipa mwenye nyumba kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, mnadhani walimwomba radhi? Thubutu! Walibadilisha maneno tu. Sasa eti ni Frimasoni.

Na kelele! Yarabi, kelele za mji huu. Asubuhi mnunua vyuma chakavu na kipaza sauti chake, mchana saluni ya jirani imefungulia singeli, jioni mahubiri, usiku kigodoro. Dada mmoja wa Mwenge alimhakikishia mteja wake wa Uingereza kwamba anafanya kazi kutoka ofisi tulivu. Alipofika kwenye bei tu, pale penyewe pa kukaza sauti, nje ikapita baiskeli ya mwenye kipaza sauti cha betri: "Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Viroboto! Wanakufa hapohapo!" Mteja akauliza kwa adabu kama hilo ni tangazo la dharura. Dada wa watu akasema ndiyo, la usalama kazini. Kazi aliipata, nashukuru, lakini tangu siku hiyo kikao kikikaribia anamtuma mdogo wake akalinde kona ya mtaa.

Haya, tuje kwenye saa. Sisi na New York tumepishana saa saba kwao kukiwa na jua, na saa nane kwao kukiwa na baridi, kwa sababu wenzetu wanazisogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Sisi jua letu halijawahi kutuomba jambo hilo. Kwa hiyo kikao cha saa tatu asubuhi ya kwao kinaangukia saa kumi jioni ya huku, na Novemba ikifika kinahamia saa kumi na moja. Kila mwaka, hakuna mwaka unaopita, kuna kijana anaingia kikaoni saa kumi kamili, kavaa shati juu na bukta chini, anakaa saa nzima peke yake anajiangalia kwenye skrini na kulaani mtandao. Machi inapofika mambo yanageuka, anaingia wenzake wameshamaliza. Na saa kumi na moja ya Dar ndiyo nini? Ndiyo foleni ya makutano ya Morocco, ndiyo watoto wametoka shule, ndiyo jenereta za baa zinajaribiwa, na baada ya muda kidogo ndiyo adhana ya Magharibi. Kijana wa Marekani ameamka freshi na chai yake mkononi, anasema "habari za asubuhi" mwili mzima ukicheka, na wetu huku shati limeshamganda mgongoni.

Umeme nao, eeh, umeme. Wale wa mgao wa mwishoni mwa 2023 mnakumbuka tulivyokuwa tunazunguka na chaja mfukoni, ukimtembelea shemeji salamu ya kwanza ni "Hapa mnao?" Siku hizi kuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024, na haki isemwe, tumepumua. Lakini bwawa ni bwawa na transfoma ya mtaani ni transfoma ya mtaani. Mvua ikinyesha, puu! Kimya. Halafu baada ya saa mbili mtaa mzima, watoto, wazee, mpaka ustadhi wa madrasa, unasikia kwa pamoja: "Umerudiiii!" Mtu wa kikaoni naye keshajikuta kapaza sauti, kipaza sauti cha laptopu kiko wazi, na Wakanada wanashangaa kilichorudi ni nini.

Na kuna ile Jumapili ya Mei 12, 2024, siku mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu huko baharini upande wa kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Loo, tulivyohangaika! Mtu anazima simu anawasha, anatoa laini anaipuliza, anaifuta kwenye shati anairudisha. Wengine walinunua bando la pili, wakanunua la tatu, pesa zinaenda na ukurasa haufunguki. Kuna waliowagombeza watoto kwa kumaliza MB. Waya umeumia chini ya bahari, mtoto kachapwa Tabata! Siku ya kazi ilipofika ndipo wenye vikao walipoanza kuulizana nani ana mtandao gani, wakawa wanahama nyumba kwa nyumba wakifuata minara. Na kabla ya hapo, Oktoba 2023, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilikuwa imetangaza wanaotumia VPN wajitambulishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Kwa mtu ambaye kampuni yake haimruhusu hata kufungua barua pepe ya kazi bila VPN, mnaweza kufikiria tumbo lilivyokuwa joto. Kazi za mbali zina mengi nyuma yake, ndugu zangu. Anayemwona mtu kakaa na laptopu akadhani kakaa tu, hajui.

Kwa hiyo naelewa kwa nini wanakimbilia mkahawani: kuna kiyoyozi, jenereta, waifai, choo kisafi. Nisichoelewa, na hapa naomba mnisaidie kusikitika, ni mbwembwe. Kwa sababu kuna mwenye kuja kufanya kazi na kuna mwenye kuja kuuza sura, na huyu wa pili ndiye aliyejaza meza. Mnamjua. Anafika, anapanga laptopu, kikombe, miwani ya jua na funguo za gari, hata kama gari lenyewe ni la binamu, anapiga picha kwa pembe nne, anaandika "ofisini leo," halafu anaifunga laptopu. Kazi imeisha! Saa sita zinazobaki anahesabu waliopenda.

Na yule wa kuongea? Tobaa! Yupo mkahawani, watu thelathini ndani, yeye kaweka simu kwa sauti ya nje anapatana mshahara. Tumejua anachotaka, tumejua walichompa, tumejua alichodanganya kuhusu kazi yake ya zamani. Mpaka mlinzi wa getini anatikisa kichwa kwamba dogo kakubali mapema mno, angekaza kidogo. Anataja namba ya akaunti, tarakimu moja moja, kisha anarudia polepole kwa sababu wa upande wa pili hakusikia vizuri. Sisi tulishasikia, baba! Tunaweza kukuandikia!

Halafu wapo wa Coco Beach. Sikatai, upepo upo, bahari ipo, mihogo ya pale haina mpinzani. Ila niambieni nani amewahi kufanya kazi ya maana pale na laptopu. Jua linapiga kwenye skrini, unajiona mwenyewe na kope zako badala ya maandishi. Chumvi ya bahari inatafuna chuma, mchanga unaingia kwenye vitufe, na ukishashika muhogo wenye pilipili na ukwaju kisha ukagusa herufi A, hiyo herufi A itanata mpaka mwaka ujao. Nilimwona mmoja kajifunika kitenge kichwani na laptopu humohumo ndani, anajaribu kuona skrini, na watoto wamemzunguka wakidhani anajifukiza. Mtaka yote! Angeacha laptopu nyumbani akala muhogo kwa raha, akarudi akafanya kazi kwa raha.

Na wakati huohuo, mioyo yetu inauma, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ipo Maktaba Kuu ya Taifa. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, kwenye maadhimisho ya Uhuru, na tangu hapo iko palepale katikati ya mji. Meza pana zile za kweli, ambazo unaweza kuweka laptopu na daftari na viwiko vyote viwili. Ukimya ambao Dar nzima huupati hata saa tisa usiku. Vizazi vya watu vimesomea pale mitihani, mawakili, madaktari, watu wa benki. Vijana wetu wa kapuchino wanapita mbele yake ndani ya bajaji wakielekea Masaki! Ukimuuliza, anasema pale hairuhusiwi kuongea na simu. Ndiyo, hairuhusiwi, na ndiyo uzuri wake! Mtu mwenye ripoti ya kurasa arobaini anataka simu ya nini? Peleka kule kazi ya kuandika, kazi ya kusoma, kazi ya hesabu. Vikao vitafutie pengine.

Pengine papo. Pale Sayansi, Kijitonyama, kwenye jengo la COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kuna Buni, kitovu cha vijana wa teknolojia kilichoanza mwaka 2011. Pale ukisema unatafuta hitilafu kwenye programu hakuna anayekuuliza lini utapata kazi. Mikocheni kuna Soma, duka la vitabu lenye mkahawa. Unakaa na vitabu, unaagiza chakula, na Kiswahili kinachozungumzwa pale kinakunyoosha hata sentensi zako. Palepale Mikocheni kuna Nafasi, ambako tangu 2008 wasanii wanachora na kuchonga ndani ya makontena ya meli yaliyogeuzwa studio. Aliyechoka akili akatembee huko, akarudi na wazo. Upanga kuna wenzetu wa Alliance Française na Goethe-Institut, na lugha unaweza kujifunza hapohapo, mteja wako Mjerumani akaacha kukushangaa. Hata mkahawa wa Masaki ni mahali pazuri, mimi sijasema uteketezwe! Nenda saa ambazo meza ziko wazi, agiza chakula cha mchana, kaa meza ya watu wawili uache ile ya watu sita, mpe mhudumu wako chochote, na simu kapigie nje kwenye kibaraza. Mbona ni mambo madogo? Mnataka mpaka wabandike tangazo, halafu mlipige picha mseme mmenyanyaswa?

Lakini angalieni sehemu nilizotaja: katikati ya mji, Upanga, Kijitonyama, Mikocheni, Masaki. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kijana wa Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto aende wapi? Apande daladala, abanwe kwenye foleni, atumie nauli na nusu ya siku, ndipo akanunue kikombe cha bei ya chakula cha nyumba nzima? Na ndiko waliko wengi. Ndiko waliko wanaojifunza kuandika programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, usiku, kwa sababu bando la usiku ni nafuu. Huku kumbi za shule zinafungwa kofuli mchana ukiisha, ofisi za serikali za mitaa zina vyumba vilivyojaa viti vilivyovunjika na masanduku ya kura ya zamani, na mwenye funguo kaenda msibani. Kinachotakiwa ni meza kumi, feni mbili, soketi za kutosha, laini moja ya intaneti. Mkutano wa mtaa unaweza kupitisha jambo hilo mchana mmoja, kabla hawajaanza kugombana kuhusu taka.

Wenye akili hawakusubiri. Temeke kuna mama mmoja ana stesheneri, fotokopi, picha za pasipoti, uchapaji wa barua za kuomba kazi, kazi zile mnazozijua. Vijana walikuwa wanakuja kuchapa kurasa mbili, wanabaki wakiomba kuchaji, wanaomba waifai kidogo, wanakaa juu ya ndoo. Mama akachoka kuwafukuza. Akapiga mbao mbili ukutani zikawa meza, akatafuta viti vya plastiki, akaweka betri na inveta kwa ajili ya siku za giza. Buku kwa saa. Sheria kaziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila: simu nje, chipsi nje, anayeazima chaja aache kitambulisho. Mchana ukipita pale utamkuta mhasibu, mwanafunzi wa chuo anakimbizana na tasnifu, na dogo mmoja anayetengeneza tovuti ya hoteli ya Zanzibar ambamo hajawahi kulala. Hakuna anayepiga picha. Hata akitaka, mgongo wa mwenzake umeziba.

Sasa pamejaa. Fremu ya jirani, iliyokuwa saluni, iko wazi, na mama anataka kuvunja ukuta aunganishe. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mkononi, hataki kusikia habari ya kulipa kidogo kidogo. Mama yuko kwenye kijumbe, na zamu yake ya kupokea bado haijafika. Nyie mnaoshinda Masaki na kikombe kimoja, nauli ya bajaji mnayo, na kuchapa mnachapa kila wiki. Pitieni Temeke.